Sura ya Nne: Ubao wa Pili

Ingia ofisi ya mkuu wa shule karibu popote Tanzania. Kabla hujaonyeshwa pa kukaa, macho yatakuwa yameshafika ukutani, kwenye ubao uliopakwa rangi ya mafuta na kupigwa mistari kwa rula: namba, jina, mwaka wa kuingia, mwaka wa kutoka. Hao ndio wakuu wa shule tangu ilipofunguliwa. Mstari wa mwisho una jina la mwenyeji wako, na pale pa mwaka wa kutoka pako patupu. Mimi hupapenda pale patupu. Panakumbusha kwamba kiti kilikuwepo kabla ya aliyekikalia na kitabaki baada yake. Kila aliyekipata alijua mapema kuwa yeye ni mpangaji.

Sasa uliza jambo jingine: miaka kumi iliyopita nani alikuwa akifundisha timu ya shule? Mkuu ataguna. Atamwita mwalimu wa zamu, naye atamwita mpishi au mlinzi, maana mara nyingi hao ndio wakongwe wa mahali. Jibu likija litakuwa na sura lakini halitakuwa na jina: alikuwepo mwalimu mmoja mwembamba, mkali, filimbi haimtoki shingoni. Alihamishwa.

Sura hii inauhusu ubao huo wa pili, ambao bado haujatundikwa. Nitazungumzia mpira wa kikapu, hasa wa vyuo vidogo vya Marekani, kwa sababu huko hata kocha wa timu isiyojulikana nje ya mji wake ana mstari wake kwenye orodha, na kiti chake kikiwa wazi watu husikia. Lakini safari naianzia mbali na huko, ufukweni Mwamgongo.

Mbele ya mwisho wa reli

Watu husema Kigoma ni mwisho wa reli. Mwamgongo ni mbele ya mwisho huo. Unashuka hadi Kibirizi, unapanda boti pamoja na magunia ya sembe, kreti za soda na kuku waliofungwa miguu, na chombo kinafuata ufukwe kuelekea kaskazini. Upande wa kulia milima inapanda moja kwa moja kutoka majini. Hiyo ni Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Hifadhi ikiisha tu, mabati yanaanza kumeta juani. Umefika. Ukiendelea mbele utaikuta Kagunga mpakani, na mbele zaidi, kwenye maji hayahaya, Bujumbura.

Kijiji kimebanwa kati ya mlima na ziwa, kwa hiyo ardhi tambarare ni mali. Kila kipande kina mdai wake: dagaa wa kuanikwa, mitumbwi ya kuvutwa nchi kavu, nyavu za kushonwa, nyumba ya kijana aliyeoa juzi. Kandanda hujipenyeza popote dagaa wanapoanuliwa. Kikapu kina masharti magumu zaidi. Kinataka meta 28 kwa 15, yaani meta za mraba 420 zilizo sawa na ngumu kiasi cha mpira kudunda, na ringi mbili zilizoinuliwa meta 3.05. Kwenye mteremko kama huu, kiwanja ni kazi ya sululu na mabishano ya mipaka.

Hata hivyo kiwanja si tatizo la kwanza. Mpe fundi wa kuchomelea nondo na bomba, ringi utaipata. Kigumu ni kumpata mtu wa kusimama chini ya ringi hiyo saa kumi jioni, Jumatatu na Jumanne na Jumatano, mwaka hadi mwaka. Katika shule zetu mtu huyo kwa kawaida ni mwalimu aliyeajiriwa kufundisha jiografia au hesabu, akaongezewa michezo, pengine kwa sababu ni kijana na hajawa na familia. Akiipenda kazi, timu huota mizizi. Kisha barua ya uhamisho inafika. Yanafanyika makabidhiano: vitabu vya kiada kadhaa, jezi seti moja, mipira miwili, mmoja umepasuka, ufunguo wa stoo. Mwalimu anapanda boti.

Hati ya makabidhiano haina safu ya yale aliyoyabeba kichwani: nani anatumia mkono wa kushoto, nani hucheza vizuri akisifiwa na nani akikemewa, zoezi la wiki iliyopita liliishia wapi. Stoo inafungwa. Hakuna anayetangaza nafasi ya kazi, kwa sababu kwenye makaratasi hakuna nafasi iliyoachwa. Mwalimu wa jiografia ataletwa mwingine. Kocha hakuwepo, kwa hiyo hajaondoka.

Darasa lililowashinda wawili

Mchezo wa kikapu wenyewe ulizaliwa kwenye pengo la namna hiyo. Mwaka 1891, mjini Springfield katika jimbo la Massachusetts, kulikuwa na chuo kidogo cha YMCA cha kuwaandaa viongozi wa vijana. Baridi ilipoingia, darasa moja la watu wazima 18 lilichoshwa na mazoezi ya viungo ya ndani, likawa halishikiki. Walimu wawili walilijaribu, wakalirudisha kwa wenyewe. Mkuu wao, Luther Gulick, akamkabidhi James Naismith, Mkanada wa miaka 30, pamoja na agizo la kubuni mchezo unaoweza kuchezwa ndani ya ukumbi. Alimpa siku 14.

Naismith alianza kwa kuingiza ndani michezo ya nje akiipunguza makali, na kila mmoja ukamfia mkononi. Siku zilipokaribia kwisha alimwomba mtunza jengo masanduku mawili. Masanduku hayakuwepo, mtu yule akaleta vikapu viwili vya kubebea mapichi. Vikapigiliwa kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka sakafuni, na hizo futi 10 ndizo meta 3.05 za ringi zote duniani hadi leo. Naismith akaandika kanuni 13, akawagawa wanafunzi tisa kwa tisa, akarusha mpira. Mechi hiyo ya kwanza iliisha bao moja kwa sifuri.

Hadithi hii husimuliwa kama hadithi ya vikapu. Mimi naisoma kama hadithi ya kiti. Naismith alikuwa mtu wa tatu kwenye kiti kinachochoma. Kama chuo kile kingeyaacha mazoezi ya viungo yasimame hadi atokee wa kujitolea, majira yangebadilika, darasa lingetoka nje kucheza, na leo tusingekuwa na mchezo wa kuuzungumzia. Kiti kilijulikana kuwa kiko wazi, ndiyo maana alitafutwa wa kukikalia.

Silsila

Mwaka 1898 Naismith alihamia Chuo Kikuu cha Kansas. Hakuitwa kama kocha. Chuo kilikuwa kinatafuta mtu wa kuongoza sala na kufundisha mazoezi ya viungo. Timu ya kikapu ikamjia kama nyongeza, vilevile inavyomjia mwalimu wetu wa jiografia. Hadi anaiacha mwaka 1907 alikuwa ameshinda mechi 55 na kupoteza 60. Miongoni mwa makocha wakuu wa Kansas, aliyeshindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda ni mmoja tu, naye ndiye aliyeubuni mchezo.

Mwanafunzi wake Forrest Allen, aliyejulikana kwa jina la Phog, aliitwa kufundisha kikapu Baker, chuo kidogo cha jirani. Inasimuliwa kwamba Naismith alishangaa: mchezo huu unachezwa tu, utaufundishaje? Allen alionyesha kwamba unafundishika. Alikuja kukikalia kiti cha mwalimu wake na akaiongoza Kansas kwa misimu 39. Kwenye timu yake iliyotwaa ubingwa wa mwaka 1952 alikuwemo kijana wa akiba, Dean Smith, ambaye baadaye aliiongoza North Carolina kwa miaka 36. Smith naye alimfundisha Larry Brown, na mwaka 1983 Brown akaja kukikalia kiti kilekile cha Kansas.

Mzee wa Ujiji hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Madrasa za kule zina neno lake: silsila. Mwalimu wa dini hakuonyeshi elimu yake peke yake; anakutajia alisoma kwa nani, na huyo alisoma kwa nani, hadi mnyororo unawafikia wakongwe. Elimu isiyo na silsila huhesabiwa kuwa uvumi. Kansas inahesabu makocha wakuu wanane tu tangu 1898, na shabiki wa kawaida anaweza kuwataja kwa vidole kama mwanafunzi anavyowataja masheikh wa sheikh wake.

Tawi zito kuliko yote la silsila hiyo liliota pale mlango ulipofungwa. Miaka ya 1930 alifika Kansas kijana Mweusi, John McLendon. Hakuruhusiwa kuichezea timu ya chuo kwa sababu ya rangi yake. Baba yake alikuwa amemwagiza amtafute Naismith, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu mzee, na Naismith akampokea. Asichokipata kiwanjani McLendon alikipata kwa kukaa karibu na mzee huyo. Mwaka 1940 akawa kocha mkuu wa chuo cha Weusi mjini Durham, North Carolina, akaanza kufundisha mchezo wa mbio mwanzo hadi mwisho, wakati wengine walikuwa wakitembea na mpira.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 12 Machi 1944, watu wakiwa makanisani, timu ya Wazungu kutoka kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Duke iliingia ukumbini kwa McLendon kwa siri. Sheria na desturi za huko zilikataza Weusi na Wazungu kucheza pamoja, kwa hiyo milango ilifungwa kwa ndani. Vijana wa McLendon walishinda 88 kwa 44. Halafu, kama hilo halitoshi, wakachanganya timu na kucheza tena. Mechi hiyo ilikaa zaidi ya miaka 50 ndipo umma ukaijua. Ilifichwa kwa makusudi, kulinda roho za watu. Sisi tunazipoteza habari zetu bila adui yeyote kutukimbiza.

Baadaye McLendon alitwaa ubingwa wa NAIA, shirikisho la vyuo vidogo, mara tatu mfululizo akiwa na Tennessee A&I: 1957, 1958 na 1959. Mashindano hayo yalianzishwa Kansas City mwaka 1937, na miongoni mwa waanzilishi walikuwa Emil Liston, kocha wa Baker, na James Naismith mwenyewe. Mwanafunzi aliyezuiwa uwanjani alikwenda kuvuna kwenye shamba lililopandwa na mwalimu wake. Mwaka 1966 Cleveland State ilimfanya kocha mkuu Mweusi wa kwanza katika chuo chenye Wazungu wengi.

Nafasi iko wazi

Kila mwaka, mashindano ya vyuo ya mwezi Machi yakiisha, viti vya makocha wa Marekani huanza kusogea kama foleni ya kisimani. Kocha wa chuo kikubwa anafukuzwa au anastaafu. Anachukuliwa wa chuo cha kati kuziba pengo. La kwake linazibwa na wa chuo kidogo. La huyu linazibwa na msaidizi, au na mwalimu wa sekondari. Anguko la mmoja juu linaweza kuwahamisha wanne chini. Hadi majira ya joto yaingie, chuo chenye wanafunzi elfu moja, katika mji ambao hata Wamarekani wengi hawajausikia, nacho kina tangazo lake la kazi.

Tangazo hilo lina mafunzo kuliko linavyoonekana. Linataja anayeondoka na miaka aliyokaa. Linataja kazi zitakazoambatana na ukocha: kufundisha darasa la mazoezi ya viungo, kusimamia ukumbi, pengine kuongoza na timu ya gofu. Linataja sharti gumu kuliko yote, kutafuta wachezaji, maana zaidi ya vyuo 400 vya daraja la tatu la NCAA, shirikisho kubwa la michezo ya vyuo, haviruhusiwi kutoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Kocha lazima amshawishi kijana aje alipe ada, asome, acheze bila ahadi ya kulipwa kesho. Mtu akiwahi kukaimu nafasi hiyo kwa mwezi mmoja tu, na hilo huandikwa.

Kwa nini mtu aombe kazi kama hiyo? Wengine wanaiona ngazi. Gregg Popovich alipofika Pomona-Pitzer, California, mwaka 1979, timu yake ilishinda mechi 2 na kupoteza 22. Aliishi na familia yake katika bweni la wanafunzi. Ilimchukua hadi 1986 kutwaa ubingwa wa ligi yao, wa kwanza baada ya miaka 68. Kisha akaomba likizo ya masomo, akaenda kukaa karibu na Dean Smith na Larry Brown, silsila ileile. Brown alipokwenda San Antonio Spurs mwaka 1988, Popovich alimfuata kama msaidizi. Akiwa kocha mkuu hapo alibeba mataji matano ya NBA. Timu ya mabwenini ilimvumilia miaka saba hadi akaiva.

Wengine wanaipata kwa sababu hakuna mwingine anayeitaka. Cathy Rush alikuwa bado kijana alipochukua timu ya wanawake ya Immaculata, chuo kidogo cha masista karibu na Philadelphia, kwa malipo ya dola 450 kwa mwaka. Chuo hakikuwa hata na ukumbi wake wa kuchezea. Mwaka 1972 kikatwaa ubingwa wa kwanza wa kitaifa wa vyuo kwa wanawake, kikarudia 1973 na 1974.

Na wapo waliokaa tu, wakiwa wameona kwamba hapo ndipo pao. Clarence Gaines alianza kuiongoza Winston-Salem mwaka 1946, akaondoka 1993 akiwa na ushindi wa mechi 828.

Waliotoka huku

Vyuo hivyo vidogo vimetugusa na sisi. Manute Bol, Mdinka kutoka bonde la Naili, aligunduliwa miaka ya 1980 na Don Feeley, kocha wa Kimarekani aliyekuwa Sudan kufundisha. Alipofika Marekani hakuanzia kwenye jina kubwa. Msimu wa 1984/85 aliichezea Bridgeport, chuo cha daraja la pili huko Connecticut, chini ya kocha Bruce Webster, na mwaka 1985 akaingia NBA. Chuo ambacho hakina njaa ya umaarufu kilikuwa na muda wa kumsubiri mtu ambaye Kiingereza na mchezo wenyewe vyote vilikuwa vigeni kwake.

Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipita njia kuu. Alicheza Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya Jim Calhoun, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika usajili wa NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Sisi tunamjua Hasheem. Calhoun tunamtaja kwa kupita. Lakini mwisho wa Calhoun unafaa kuwekwa kwenye fremu. Kocha huyu mwenye mataji matatu ya taifa alistaafu mwaka 2012, kisha chuo kidogo cha Saint Joseph, kilichokuwa cha wanawake, kikaamua kupokea wanaume na kuanzisha timu. Kilikuwa na kiti kipya kabisa, ubao mtupu. Calhoun, mwenye miaka 76, akajaza mstari wa kwanza mwaka 2018. Alirudi kufundisha wanaolipa ada.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ni kweli, na ndiyo maana tunawajua akina Hasheem, kama tunavyomjua Sunday Manara, mwanasoka wa ukoo wa Kigoma aliyekwenda Uholanzi kuichezea Heracles miaka ya 1970. Ila methali imemtunza mchezaji, ikamsahau aliyemfundisha kucheza.

Kukaimu

Mtu atasema: Tanzania viti vya makocha vinajulikana sana, washa redio tu. Kweli. Msimu wa 2024/25 Yanga ilikuwa na makocha watatu, Miguel Gamondi, Sead Ramovic na Miloud Hamdi, na bado ikachukua ubingwa. Kijiwe kizima kinaweza kukutajia tarehe ya kila mmoja kutupiwa virago. Hiyo yenyewe ni hoja yangu. Kwenye kiti chenye jina, hata wiki mbili za pengo ni habari. Kumbukumbu tunayo, tumeitoa yote kwa timu mbili za Kariakoo.

Majirani wametuonyesha kiti kikijazwa kwa uzito kinazaa nini. Mwanzoni mwa 2021 Kenya ilimkabidhi timu ya taifa ya kikapu ya wanaume Liz Mills, mwanamke kutoka Australia. Wiki chache baadaye, mjini Yaoundé, Kenya iliifunga Angola, bingwa mara 11 wa Afrika, 74 kwa 73, ikafuzu AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Sudan Kusini ilianza na pengo kubwa zaidi. Timu ilipokuja Nairobi mwanzoni mwa 2020 kwa mechi za mchujo, rais wa shirikisho, Luol Deng, aliyekuwa nyota wa NBA, aliketi mwenyewe kwenye benchi la ufundi. Alikaimu. Baadaye akamleta kocha Royal Ivey, na Julai 2024 London nzima ikashuhudia Marekani ikiponea kwa pointi moja, 101 kwa 100, kabla Sudan Kusini haijaifunga Puerto Rico kwenye Olimpiki.

Huku kwetu vipande vya ngazi vipo. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, kinafundisha makocha. Butimba, Mwanza, kimetoa walimu wa michezo kwa vizazi. UMITASHUMTA inawakutanisha wa shule za msingi, UMISSETA wa sekondari, na kikapu kimo. Lakini mashindano yakiwa ndiyo sababu pekee ya kumkumbuka kocha, yakisimama na yeye anafutika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano hayo ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa. Yaliporejeshwa, mahali pengi kiwanja kilikuwepo na mipira ikanunuliwa. Aliyekuwa akijua kuifundisha alikuwa ameshapanda gari au boti zamani, na hakuna aliyeandika anwani yake.

Uhamisho sioni kama adui. Mtumishi wa umma huhama; huko Marekani nako wanahama kila Machi. Kosa letu ni kuuacha ukocha uishi ndani ya mtu badala ya kuishi ndani ya shule, kiasi kwamba mtu akihama, unahama naye.

Sokwe wana ubao

Rudi sasa kwenye boti ya Mwamgongo, pale inapopita mbele ya Gombe. Julai 1960 Jane Goodall alishuka kwenye ufukwe ule, na tangu hapo watu hawajaacha kuandika. Kwa hiyo tunajua kwamba mwanzoni Goliath ndiye aliyekuwa dume kiongozi wa sokwe wa Kasakela. Tunajua kwamba mwaka 1964 alipinduliwa na Mike, dume asiye na mwili mkubwa, aliyegundua kuwa madebe matupu ya mafuta ya taa yakigonganishwa na kuburuzwa huwatisha wakubwa zake. Baada ya Mike akaja Humphrey, baada ya Humphrey Figan, baada ya Figan Goblin. Kila mmoja ana miaka yake ya kuingia na ya kutoka.

Yaani upande mmoja wa mpaka wa hifadhi, sokwe wana ubao wao wa viongozi unaokwenda zaidi ya miaka 60. Upande wa pili, kwa mwendo wa miguu, mwalimu anaweza kuwafundisha watoto wa watu miaka sita, akaondoka, na asibaki hata jina.

Na waliouandika ubao wa sokwe ni nani? Goodall alianza, lakini kwa miongo mingi wanaoamka alfajiri, kupanda mabonde na kujaza fomu siku baada ya siku ni wasaidizi wa utafiti wa Kitanzania, wengi wao wenyeji wa vijiji vya ufukwe huuhuu. Watu wa hapa wanajua kuandika nani alimfuata nani. Wameifanyia hivyo jamii ya sokwe hadi dunia nzima ikaja kusoma kwao. Kinachotakiwa shuleni ni kazi ileile, nyepesi zaidi, isiyohitaji kupanda mlima.

Kipande cha mbao, rangi ya mafuta, rula. Safu ya kwanza jina, ya pili mwaka wa kuingia, ya tatu mwaka wa kutoka. Chini yake daftari la jalada gumu linalokaa pamoja na ufunguo wa stoo: wachezaji, mazoezi, matokeo, yaliyoshindikana. Anayehama akabidhi vyote viwili. Anayekuja akishuka kwenye boti, miguu bado ina maji, akapelekwa ofisini, akute mstari wa mwisho umeshafungwa kwa mwaka, na chini yake mwingine umepigwa kwa rula, mtupu, unamngoja. Hapo hata akiwa ameletwa kufundisha jiografia, atakuwa ameshaona kwamba kuna kazi nyingine, na kwamba kuna mtu aliyeifanya kabla yake.